Jinsi ya Kuhakiki Kipindi Kimoja cha Tamthilia ya Kisayansi

Uhakiki mwingi wa tamthilia za anga za juu huanguka mahali pamoja. Mwandishi husimulia kipindi chote, toka mwanzo hadi tamati, kisha huongeza mstari mmoja: "kilikuwa kizuri mno" au "wametia chumvi." Aliyekwisha kukiona hapati jipya, na ambaye hajakiona ameshaharibiwa uhondo.

Dawa yake ni kila hukumu kuwa na dakika yake. Ukisema kiumbe fulani hakuaminika, uwe na tukio mkononi na dakika lilipotokea. Huenda dakika hiyo usiichapishe, lakini iwe daftarini. Mhakiki anayefanya hivi huandika kidogo na husomwa hadi mwisho, maana anaonyesha jambo badala ya kutangaza hisia zake.

Mfano tutakaoutumia ni "The Man Trap", kipindi cha kwanza cha tamthilia ya anga iitwayo Star Trek kurushwa hewani, huko Marekani, tarehe 8 Septemba 1966. Kiliandikwa na George Clayton Johnson, mwelekezi akiwa Marc Daniels. Tumekichagua kwa sababu mbili. Kinahusu chumvi, na ndani yake kuna Kiswahili. Mtu wa Lamu au Malindi ana la kusema hapo ambalo mhakiki wa Los Angeles hana. Tahadhari: mwongozo huu unatoboa siri yake yote, hadi mwisho. Kama hujakiona, kitazame kwanza.

Tenga muda wa saa nne hivi kwa kipindi cha dakika 50: saa moja kasorobo na ushei kutazama mara ya kwanza, saa moja na nusu kutazama na daftari, nusu saa kupanga, na saa moja kuandika.

Hatua ya 1: Jua ni nakala gani unayohakiki

Hatua hii hurukwa sana, na ndiyo inayowaumbua watu.

Tamthilia za zamani zilipigwa kwa filamu ya picha 24 kwa sekunde. Zilipopelekwa kwenye mfumo wa televisheni wa picha 25 kwa sekunde, mfumo uliotumika Ulaya na hata hapa Kenya, zilikimbizwa kidogo. Kipindi cha dakika 50 kikawa cha dakika 48. Kwa hiyo dakika ya 40 ya nakala yako huenda si dakika ya 40 ya mwenzako, nanyi mtabishana bure. Andika juu ya daftari: urefu wa nakala kwa dakika na sekunde, na umeipata kwa njia gani.

Kisha angalia kama picha zimefanyiwa ukarabati. Star Trek ya kwanza ilianza kutolewa upya mwaka 2006, picha za meli na sayari zikiwa zimetengenezwa upya kwa kompyuta. Ukiandika "kwa mwaka 1966 picha hizi za meli ni za ajabu" ilhali umetazama nakala ya 2006, umesifu kazi ya watu wengine kabisa.

Nakala zenye dijei anayetafsiri juu ya sauti ni sanaa yake, na wengi wamezizoea tangu vibanda vya video. Lakini dijei huongeza vichekesho, hubadilisha majina na mara nyingine hubadilisha hata sababu ya ugomvi. Ukitazama hiyo, hakiki hiyo na useme hivyo. Usimlaumu mwandishi wa Marekani kwa maneno ya dijei wa Nairobi.

Angalia pia mpangilio. "The Man Trap" kilitangulia kurushwa lakini hakikutangulia kupigwa. Kipindi kiitwacho "Where No Man Has Gone Before" kilipigwa mapema zaidi, kikarushwa cha tatu, tarehe 22 Septemba 1966, na ndani yake sare ni nyingine na daktari ni mwingine. Asiyejua huandika kwamba waandaaji walisahau kazi yao.

Hatua ya 2: Tazama mara moja bila kalamu

Tazama kama mtazamaji, bila kusimamisha. Zima feni kama inavuma au vaa hedifoni. Maneno mengi ya tamthilia hizi husemwa kwa sauti ya chini huku mitambo ikilia nyuma. Kama stima ya kwenu hukatikakatika, pakua kipindi kwanza badala ya kukitazama moja kwa moja mtandaoni, kwani taharuki iliyokatwa katikati kwa dakika ishirini hairudi, nawe utamlaumu mwelekezi kwa kosa la waya.

Kikiisha, kabla hujainuka, andika sentensi tatu tu: ulihisi nini, wapi ulichoka, wapi ulisahau kwamba unatazama. Basi.

Hatua ya 3: Tazama tena na daftari la safu tatu

Gawa ukurasa kwa safu tatu: dakika, kilichoonekana au kusikika, na swali. Safu ya katikati isiingie maoni hata chembe. Usiandike "mandhari mabaya", andika "mawe yote rangi moja, kivuli cha meli hakuna, upepo unasikika lakini nywele hazitikisiki." Maoni yatakuja yenyewe ukisoma safu hiyo baadaye.

Chukua mandhari ya mwanzo ya mfano wetu. Wanaume watatu kutoka meli ya anga wanaingia katika makazi ya mtafiti wa mambo ya kale kwenye sayari kavu. Mkewe, Nancy, anawatokea. Daktari McCoy, aliyekuwa mpenzi wake zamani, anamwona kama alivyokuwa ujanani. Nahodha Kirk anamwona mama wa makamo mwenye mvi. Baharia wa tatu anamwona msichana mwingine kabisa aliyekutana naye sayari nyingine. Safu ya pili itasema hayo tu. Safu ya tatu itauliza: "Je, kila mtu humwona kivyake, wakati uleule?" Swali hilo ni dhahabu, na tutalirudia.

Simamisha na rudisha nyuma unapohitaji. Kurasa mbili hadi nne zinatosha kwa dakika 50. Ukizidi hapo, unanakili mazungumzo, na mazungumzo hayahitajiki ila mawili matatu.

Hatua ya 4: Tafuta kanuni ya kipindi chenyewe

Bunilizi ya kisayansi inaruhusiwa kuvunja sheria za dunia yetu. Hairuhusiwi kuvunja sheria iliyojiwekea yenyewe. Mhakiki asiyetenganisha mambo haya mawili hukasirikia meli kwenda kasi kuliko nuru, jambo ambalo tamthilia iliomba ruhusa yake tangu siku ya kwanza, kisha huachilia kosa la kweli lipite mbele ya macho yake.

Fanya hivi. Kutoka daftarini, toa kanuni ambazo kipindi kimezitangaza au kuzionyesha. Kwa kawaida hazizidi tatu. Za mfano wetu ni hizi: kuna kiumbe (ndiye yule "Nancy") anayeishi kwa chumvi, huinyonya kutoka miilini mwa watu, na huonekana kwa sura anayoichota kwenye mawazo ya anayemtazama. Kisha pitia matukio yaliyobaki, ukiuliza kila moja: kanuni imesimama?

Kanuni ya tatu ndiyo inayoyumba. Mwanzoni watu watatu walimwona kwa sura tatu kwa wakati mmoja. Baadaye kiumbe anaingia kikaoni kwa sura ya Daktari McCoy, na wote waliopo wanamwona McCoy yuleyule. Sasa ni ipi? Kila mtu na sura yake, au sura moja kwa wote? Hapo una hoja yenye miguu miwili, mguu mmoja mwanzoni mwa kipindi na mwingine karibu na mwisho, na hakuna wa kukwambia umekurupuka.

Lakini usikimbilie kuita kosa. Jaribu kwanza kumtetea mwandishi kwa dakika mbili: huenda kiumbe anaweza kuchagua, mara kuakisi kila mtu, mara kushika umbo moja. Je, kuna tukio linaloonyesha uchaguzi huo? Likiwepo, ondoa hoja yako. Lisipokuwepo, andika kwamba kipindi hakikutuonyesha. Kusema "hakikutuonyesha" na kusema "ni upuuzi" ni mambo mawili mbalimbali, na la kwanza ndilo lenye heshima na nguvu.

Hatua ya 5: Pima sayansi, lakini kwa mizani sahihi

Chagua jambo moja la kisayansi ambalo hadithi inalitegemea, ulipime kwa hesabu ndogo. Moja tu, maana ukiorodhesha kumi msomaji ataona unatafuta sifa.

Katika mfano wetu jambo hilo ni chumvi. Mwili wa mtu mzima una chumvi ya takriban gramu 200 hadi 250, yaani kama robo kilo. Maji ya bahari yana takriban gramu 35 kwa lita. Kwa hiyo lita saba za maji ya bahari zina chumvi sawa na ya mtu mmoja, na ndoo ya lita 20 ina gramu 700. Msomaji wa Malindi aliyewahi kupita barabara ya Garsen akaona vilima vyeupe vya chumvi kule Gongoni na Marereni hahitaji kuelezwa zaidi. Atauliza papo hapo: kwa nini huyu mtafiti asimwambie nahodha ukweli, apewe magunia ya chumvi, na kiumbe aishi?

Swali hilo linafungua kipindi. Mtafiti anaomba vidonge vya chumvi, ila hasemi ni vya nani, kwa sababu kusema ni kukiri kwamba mkewe wa kweli alikufa na yeye anaishi na aliyemuua. Hesabu ya chumvi imekutoa kwenye ndoo ikakuleta kwenye huzuni ya mtu. Hesabu inayoishia kwenye ndoo, iache daftarini.

Makosa ya kisayansi ambayo wahakiki wenyewe huyafanya ni mengi kuliko ya tamthilia, kwa hiyo yakague kabla ya kumnyooshea mtu kidole. Kwanza, usiandike kwamba "angani hakuna mvutano wa dunia." Kwenye kimo cha kilomita 400, vinapozunguka vituo vya wanaanga, mvutano bado ni karibu asilimia 90 ya ule wa ardhini. Wanaelea kwa sababu wao na chombo chao wanaanguka pamoja wakiizunguka dunia. Pili, mtu akitupwa nje ya chombo bila vazi hapasuki kama puto. Hupoteza fahamu kwa takriban sekunde 10 hadi 15, na akirudishwa upesi anaweza kupona. Tatu, redio haifiki papo hapo. Hadi mwezini ujumbe huchukua sekunde 1.3, na hadi Mirihi kati ya dakika 3 na 22 kutegemea sayari zimekaaje. Mazungumzo ya ana kwa ana baina ya dunia na Mirihi bila kusubiri ni kosa, isipokuwa tamthilia imetangaza chombo cha kuyawezesha.

Na mkisema roketi ni mambo ya mbali, kumbukeni Ngomeni. Kutoka jukwaa la San Marco, baharini pale Ngomeni, kaskazini ya Malindi, Waitaliano walirusha setilaiti kuanzia mwaka 1967 hadi 1988. Tarehe 12 Desemba 1970, Siku ya Jamhuri, iliruka pale setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa mahususi kupima eksirei za nyota, ikaitwa Uhuru. Mahali palichaguliwa kwa sababu za hesabu: karibu na ikweta dunia inajizungusha kwa takriban mita 465 kwa sekunde, na roketi ikielekezwa mashariki hupata msukumo huo bure, huku vipande vyake vikiangukia bahari tupu. Ukiona tamthilia inarusha roketi kuelekea magharibi juu ya mji uliojaa watu bila kueleza sababu, una hoja ya jirani wa Ngomeni.

Hatua ya 6: Sikiliza Kiswahili kilichomo

Luteni Uhura, aliyeigizwa na Nichelle Nichols, jina lake limetoka kwenye neno letu uhuru. Katika "The Man Trap" kiumbe anamtokea kwa umbo la mwanamume Mwafrika na kumsemesha Kiswahili, naye Uhura anamjibu. Maandishi ya chini ya kioo huenda yakaandika tu kwamba wanasema lugha ya kigeni. Kwako si ya kigeni, kwa hiyo hapa fanya kazi ambayo wengine hawawezi.

Sikiliza kipande hicho mara tano kwa hedifoni. Mara ya kwanza sikiliza tu. Ya pili andika silabi kama zilivyotamkwa, bila kuzirekebisha. Ya tatu angalia mkazo: Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na mwigizaji aliyekariri huupoteza kabla ya kitu kingine chochote. Ya nne angalia upatanisho na viambishi. Ya tano jiulize: je, hivi ndivyo mwanamume angemsemesha mwanamke asiyemjua, kwa heshima au kwa mahaba? Kwenye ngazi za msikiti wa mtaa wenu, maneno hayo yangepita?

Ukipata kasoro, usiishie kucheka. Ndani ya hadithi kiumbe anachota maneno kwenye fikra za Uhura mwenyewe, amwonyeshe mtu anayemtamani. Basi Kiswahili kile, kimenyooka au kimepinda, ni Kiswahili cha mtu aliye mbali mno na nyumbani. Unaweza kuhakiki maandalizi ya studio kwa sentensi moja na kuhakiki maana ya tukio kwa nyingine. Zote mbili zina haki ya kuwepo, ila usizichanganye.

Hatua ya 7: Wahusika na mwisho

Hapa uliyofundishwa katika fasihi shuleni yanatosha. Uliza mhusika mkuu anataka nini, anazuiwa na nini, na anabadilikaje. McCoy anamtaka mwanamke wa kumbukumbu zake. Mwishoni inambidi kuufyatulia silaha uso wa mwanamke huyo ili kumwokoa nahodha. Kisha tazama kipindi kinafanya nini na kifo hicho. Kiumbe alikuwa wa mwisho wa aina yake, na Kirk anabaki akiwafikiria nyati wa Marekani, waliokaribia kumalizwa. Sekunde chache tu, lakini ndizo zinazoamua kama umetazama hadithi ya zimwi au ya kiumbe aliyekuwa na njaa. Toa msimamo wako hapa bila kuficha.

Hatua ya 8: Andika

Maneno 600 hadi 800. Muhtasari usizidi 100, na usiguse nusu ya pili ya kipindi. Baada ya muhtasari weka hoja yako kuu, ile yenye dakika mbili daftarini, kisha sayansi, kisha lugha au uigizaji. Ukitaka kutaja mwisho, weka mstari peke yake: "Kuanzia hapa natoboa siri." Kila kilicho chini ya mstari huo ni halali, na juu yake usidokeze hata kwa utani. Alama za kumi kwa kumi si lazima. Ukizitoa, eleza kipindi kingine ulichokipa alama hiyohiyo ili msomaji apate kipimo.

Msamiati ndio huwakwamisha wengi, na hapa watu wa visiwani wana hazina. Meli ya anga ni chombo kama chombo kingine. Ina nahodha, si "kapteni" kila mara. Ina mabaharia na sitaha, ina omo mbele na tezi nyuma. Mahali anapokaa nahodha kuamuru ni chumba cha usukani. Ukilitafsiri kavukavu neno la Kiingereza "bridge" utaandika "daraja", na msomaji wa Lamu atatafuta maji ya kuvukia. Tenganisha anga tunayoiona juu ya mnazi na anga za juu zisizo na hewa. Mahali pasipo na hewa ni ombwe. Kwa mitambo ya kubuni isiyo na jina la Kiswahili, ieleze mara moja kwa kazi yake, ipe jina fupi, mfano "silaha ya miale", kisha ulishike jina hilo hadi mwisho. Kubadilisha jina katikati humfanya msomaji adhani ni mitambo miwili.

Maneno ya kuogopa ni "kusisimua", "kuvutia" na "ajabu" yakisimama peke yake. Kila unapoyakuta kwenye rasimu, rudi kwenye safu ya katikati ya daftari uweke kilichoonekana. Badala ya "tukio la kusisimua la chumvi", andika: "Rand, karani wa nahodha, anabeba sinia ya chakula, na macho ya baharia anayemfuata hayamwangalii yeye, yameganda kwenye kichupa cha chumvi."

Hatua ya 9: Soma kwa sauti, kisha kagua majina

Wasomee watu wawili barazani, mmoja aliyekiona kipindi na mmoja ambaye hajakiona. Usiwaulize kama ni kizuri, watakusifu tu. Yule asiyekiona mwulize: "Haya nambie ndugu yangu, unadhani kinaishaje?" Akijibu sawasawa, umetoboa siri mahali, tafuta sentensi iliyovuja uikate. Yule aliyekiona mwulize ni wapi hakubaliani nawe, ukafungue daftari mwangalie dakika pamoja. Kama daftari halina jibu, hoja hiyo iondoe.

Mwisho kagua majina ya waigizaji, mwandishi na mwelekezi kwenye orodha ya majina ya kipindi chenyewe, herufi kwa herufi, na mwaka wa kurushwa hewani. Ukigundua kosa baada ya kuchapisha, lisahihishe na uandike chini kilichobadilishwa na tarehe.